Mtumbwi wa maziwa yetu: unavyoundwa, unavyovuja na unavyozibwa

Mtumbwi unapoanza kuingiza maji, jambo ambalo wengi hulifanya kwanza ni kutafuta cha kuzibia: kipande cha bati, lami, tambara, na siku hizi hata faiba. Swali lililopaswa kutangulia ni jingine. Mwili wa mtumbwi huo umetengenezwa kwa nini, na maji yanapita kwa sababu gani? Gogo lililochimbwa hupasuka kwa namna yake, mbao zilizounganishwa hufumuka kwa namna nyingine, na faiba huachana matabaka bila dalili kubwa kwa nje. Dawa iliyouponya mtumbwi mmoja yaweza kuuharibu mwingine uliolala kando yake ufukweni.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wasikilizaji wetu waishio kandokando ya Ziwa Tanganyika, kutoka Bujumbura na Rumonge hadi Nyanza-Lac, na kwa majirani wa Ziwa Kivu na Ziwa Viktoria. Si lazima uwe fundi ili yakufae. Mchuuzi apakiaye magunia yake na mama aketiye na mtoto mapajani nao wana haki ya kujua wamekalia nini.

Kwanza majina, maana kwa mfasiri ndipo taabu inapoanzia. Neno la Kirundi ubwato hubeba kila kitu kieleacho, kuanzia gogo la mvuvi mmoja hadi meli ya mizigo. Kiswahili, kwa kuwa kilikulia baharini, hutenganisha: mtumbwi ni gogo lililochimbwa, ngalawa ni mtumbwi uliofungiwa ndubi, yaani mbao zinazoelea ubavuni ili usipinduke, dau, mashua na jahazi ni vyombo vya mbao vilivyoundwa kwa mkuku na mataruma. Lakini huku maziwani neno mtumbwi limepanuka, na watu huliita kwalo gogo na hata chombo kirefu cha mbao chenye mashine. Tutalitumia kwa maana hiyo pana, na pale tofauti inapokuwa na uzito tutaitaja.

Gogo moja, mwili mmoja

Mtumbwi wa kale kuliko yote uliowahi kupatikana barani Afrika ni ule wa Dufuna, kaskazini mashariki mwa Nigeria. Uligunduliwa mwaka 1987 na mchungaji aliyekuwa akichimba kisima. Una urefu wa mita 8.4 na umri wa miaka ipatayo 8,000, nao ni gogo lililochimbwa. Ufundi huo haukubadilika sana kwa muda mrefu. Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley waliondoka Ujiji kuelekea kaskazini mwa Ziwa Tanganyika ili kujua kama mto Rusizi huingia ziwani au hutoka humo. Waliona kwamba huingia. Ni katika safari hiyo walipofika Mugere, kusini mwa Bujumbura, palipo na jiwe lenye majina yao hadi leo. Kwa maelezo ya Stanley, chombo chao kilichimbwa katika mti mmoja wa mvule uliotoka Ugoma, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, na hakukisifu hata kidogo kwa utulivu.

Sifa kuu ya gogo ni kwamba halina mshono. Maji hayana pa kupita mpaka mti wenyewe upasuke au uoze. Mvule ulipendwa kwa sababu hukua mkubwa na mnyoofu, mbao zake hustahimili kuoza, na mchwa hawaupendi. Pwani, ambako mvule si rahisi kupatikana, mwembe hutumika sana kwa mitumbwi na ngalawa, ingawa haudumu kama mvule. Kasoro ya gogo ni kwamba umbo la chombo hufungwa na umbo la mti. Upana wa mtumbwi hauwezi kuzidi unene wa shina, labda kuta zilainishwe kwa maji na moto kisha zitanuliwe, kazi ambayo imejulikana katika mabara kadhaa na inayohitaji mkono mzoefu. Ndiyo maana mitumbwi mingi ya gogo ni mirefu na myembamba, na wembamba huo, kama tutakavyoona, ndio unaoufanya uyumbe.

Nyufa za gogo zina asili yake. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji. Unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, mbao huanza kusinyaa. Kwa urefu wa mti kusinyaa huku ni kudogo mno. Kwa upana ni kukubwa, tena kukubwa zaidi kwa mzunguko wa shina kuliko kutoka ganda hadi kiini, karibu mara mbili. Gogo basi hujivuta lenyewe hadi lipasuke, na kwa kuwa ncha zake hupoteza maji haraka kuliko sehemu ya kati, ufa huanzia omo au tezi. Fundi mwenye busara huchimba gogo lingali bichi, huliweka kivulini, huzipaka ncha mafuta au tope, na huliacha likauke polepole. Unene wa kuta nao hauachwi kwa macho pekee. Njia moja ijulikanayo katika nchi mbalimbali ni kutoboa vitundu kutoka nje kwa kina kilichokusudiwa na kuvijaza vijiti. Tezo ikichimba kutoka ndani na kukutana na ncha ya kijiti, fundi anajua kwamba amefika.

Kutoka uzi hadi msumari

Shina kubwa lilipoadimika, au chombo kikubwa kilipohitajika, watu waliunganisha mbao. Kabla ya misumari waliziunganisha kwa kushona. Kitabu cha Kigiriki kilichoandikwa katika karne ya kwanza kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi kinautaja mji wa Rhapta katika pwani yetu, jina linalotokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu ya vyombo vyake vilivyoshonwa. Mtepe wa visiwa vya Lamu, uliofungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, ulidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Na huku bara, pasipo na nazi, Waganda na watu wa visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria walishona mitumbwi yao kwa nyuzi za mimea. Chini palikuwa na gogo lililochongwa kama mkuku, juu yake mbao, na mbele pua ndefu iliyochomoza na kupambwa. Mingine ilizidi mita 20, na kabaka aliitumia kama jeshi la majini. Jina la Ssese limebaki hadi leo kwa mitumbwi ya mbao ya ziwa hilo, ijapokuwa sindano imeupisha msumari.

Mtumbwi wa mbao wa leo una uti wa mgongo, ambao ni mkuku. Una mbavu, ambazo ni mataruma. Na una ngozi, ambayo ni mbao zilizopangwa kutoka chini hadi ukingoni. Kati ya ubao na ubao kuna mshono, na mshono ndio moyo wa habari yote. Mbao kavu huvimba zinapolowa. Mtumbwi uliokaa majini siku chache hujifunga wenyewe, kila ubao ukimsukuma jirani yake. Ukivutwa nchi kavu wakati wa kiangazi, mbao husinyaa na mishono hufunguka kiasi cha kupitisha mwanga. Mwenye mtumbwi akiuona hivyo hudhani umeharibika, akaanza kugongomea bati. Aghalabu hauna ugonjwa wowote isipokuwa kiu. Ujazwe maji kiasi, au uzamishwe kwenye maji ya kina kifupi siku mbili tatu, ndipo uamuliwe.

Kujaza mshono huitwa kukalafati. Pwani hutumiwa pamba iliyolowekwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi butu, na kufunikwa. Hapa ndipo mafundi wapya hukosea kwa bidii nyingi mno. Mshono ukishindiliwa kwa nguvu wakati mbao ni kavu, mbao zikija kuvimba hazina pa kwenda, zinasukumana na kung'oa misumari kwenye mataruma. Kalafati inapaswa kukaa imara ila iache nafasi ya uvimbe.

Kuhusu misumari, ule wa kawaida wa chuma ni adui anayejificha. Kutu huongezeka ujazo, hupasua mbao, na kwa kemia yake huidhoofisha mbao iliyouzunguka hadi ikawa nyeusi na laini. Kichwa cha msumari chaweza kuonekana kizima ilhali shina lake limekwisha. Misumari iliyopakwa zinki hudumu zaidi. Ya shaba hudumu mno, lakini ni ghali, na isichanganywe na ya chuma kwenye mtumbwi mmoja, kwa sababu ndani ya maji metali hizi mbili zikigusana chuma huliwa upesi zaidi. Msumari uliopita ubao na taruma, kisha ncha yake ikakunjwa upande wa ndani, hushika vizuri kuliko ule uliozama tu ndani ya mti.

Ziwa si bahari

Lugha yetu imehifadhi maneno mawili yanayowashangaza vijana wa maziwani: deheni na sifa. Deheni ni mafuta yaliyochanganywa na chokaa, yanayopakwa sehemu ya chini ya chombo. Sifa ni mafuta ya samaki, hasa papa, yanayopakwa juu. Deheni iliwekwa kwa sababu baharini kuna kiumbe kitobowacho mbao, ambacho watu hukiita mnyoo ingawa ni ndugu wa chaza na kome. Huingia akiwa mdogo asiyeonekana, akala mti kwa ndani hadi ukawa kama sega la nyuki. Katika Ziwa Tanganyika, Kivu na Viktoria kiumbe huyo hayupo, kwa kuwa anahitaji chumvi.

Ni neema, lakini chumvi hiyohiyo huwazuia kuvu waozeshao mbao. Mtumbwi wa ziwani hauliwi kutoka nje. Huoza kutoka ndani. Kuvu huhitaji hewa pamoja na unyevu. Ubao uliozama siku zote hauna hewa ya kutosha na hudumu. Ubao mkavu hauna unyevu na hudumu. Kinachoangamia ni ule ulioko katikati ya hali hizo mbili. Maji ya mvua yaliyotuama ndani ni mabaya kuliko maji ya ziwa yaliyoko nje. Sehemu za kuchunguzwa ni ngama, yaani kitako cha ndani ambako maji hurejea, ndiyo ile itajwayo katika methali ya tezi na omo. Halafu viungo vya mataruma na mkuku, chini ya vibao vya kukalia, na ncha mbili ambako takataka na magamba ya samaki hujikusanya. Mtumbwi uliowekwa ufukweni ufunikwe juu au upinduliwe, nao uinuliwe kwa magogo ili upepo upite chini. Kazi hii haigharimu hata franga moja, na huongeza miaka mingi kuliko rangi yoyote.

Aina ya mbao nayo huamua. Mvule umekuwa adimu na ghali, na badala yake hutumiwa mikaratusi, misonobari na miti mingine ya kupandwa. Mkaratusi ni mgumu lakini hupinda na kupasuka unapokauka, kwa hiyo mbao zake zataka kukaushwa polepole zikiwa zimepangwa na kukandamizwa. Msonobari ni mwepesi na rahisi kuranda, ila huoza haraka usipotiwa dawa. Anayenunua mtumbwi mpya aulize mbao zilikaa muda gani tangu kupasuliwa. Jibu la fundi litamwambia mengi kuliko bei.

Upana, mzigo na utulivu

Umbo la mtumbwi ni mapatano kati ya mambo yanayopingana. Mrefu na mwembamba huenda kasi kwa kafi chache, lakini huyumba. Mpana hutulia, lakini mpiga kafi huchoka. Kitako bapa hubeba mzigo mwingi na hukaa vizuri ufukweni, ila mawimbi hukipiga na kukitikisa. Kitako chenye umbo la pembe hupasua mawimbi na kushika njia, ila huhitaji maji ya kina zaidi. Mkuku uliojikunja kidogo kuelekea juu kwenye ncha zote mbili hurahisisha kugeuka na huinua omo juu ya wimbi.

Katika yote hayo, upana ndio wenye nguvu kuliko watu wanavyodhani. Uwezo wa mtumbwi kujirudisha unapoinama huongezeka kwa upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukiongeza upana kwa asilimia 10 tu, uwezo huo hupanda kwa karibu theluthi moja. Ndiyo maana ubao mmoja ulioongezwa kila ubavu hubadili tabia ya chombo kizima. Na ndiyo maana pia kuongeza mbao za juu pekee, ili kipakie zaidi, bila kuongeza upana, ni hatari. Ukingo unapanda, mzigo unapanda pamoja nao, na uzito ukiwa juu mtumbwi hupinduka kirahisi.

Mzigo waweza kukadiriwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Chukua mtumbwi wa mita 6 kwa upana wa mita 1.2. Kwa kuwa ncha zake zimechongoka, eneo lake juu ya maji ni kama theluthi mbili ya mstatili huo, yaani mita za mraba 4.8. Lita moja ya maji ya ziwa ina uzito wa kilo 1, hivyo kila kilo 48 huuzamisha mtumbwi sentimita 1. Watu 10 wenye kilo 60 kila mmoja, na mizigo ya kilo 20 kila mmoja, hufanya kilo 800, nao huuzamisha kwa karibu sentimita 17. Ikiwa ukingo ulikuwa sentimita 40 juu ya maji kabla ya kupakia, zimebaki 23. Wimbi la nusu mita halihitaji kuwa dhoruba ili kuingia humo.

Kisha yapo maji yaliyokwisha kuingia. Lita 100 ngamani ni kilo 100, kiasi cha sentimita 2 tu, na kwa hesabu hiyo mtu angeweza kuyapuuza. Lakini maji hayakai mahali pamoja kama gunia. Mtumbwi ukiinama kushoto yote hukimbilia kushoto, yakauongezea uzito upande uleule unaozama. Kukumba maji kwa kata au ndoo si usafi. Ni sehemu ya utulivu wa chombo. Abiria anayesimama ili kuona kinachotokea naye hufanya kazi ya yale maji.

Wavuvi wa maziwa yetu walitatua suala la utulivu kwa kuunganisha vyombo. Tangu miaka ya 1950, wavuvi wa ndagala wa Ziwa Tanganyika hufunga mitumbwi miwili kwa boriti na kuteremsha wavu katikati, taa zikiwaka usiku. Katika Ziwa Kivu, ambako samaki haohao, waitwao huko sambaza, walipelekwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, hufungwa mitumbwi mitatu kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma. Muundo huo haupinduki kirahisi. Gharama yake iko kwenye viungo: kila wimbi linaloinua chombo kimoja na kushusha kingine hupitisha nguvu zake kwenye boriti, na mahali boriti inapokalia ukingo ndipo mishono na misumari hulegea. Kamba, kwa kuwa hunyumbuka, hustahimili mvutano huo kuliko bolti iliyokazwa moja kwa moja kwenye ubao.

Kutafuta tundu kabla ya kuziba

Maji yanayoonekana ndani hayaelezi yalikoingilia, kwa sababu hutiririka kando ya mataruma hadi mahali pa chini. Njia rahisi ni kuigeuza kazi. Uvute mtumbwi nchi kavu, uuinue juu ya magogo, ukaushe nje, kisha umwage maji ndani kidogo kidogo na kutazama yanakotokea. Weka alama ya chaki kila mahali. Usijaze hadi ukingoni. Mtumbwi ulioundwa kubanwa na maji ya nje haukuundwa kubeba uzito huo ukiwa hewani, na mishono yaweza kufunguka zaidi.

Baada ya hapo, kisu. Chomeka ncha yake kwenye mbao karibu na kila alama. Mbao nzima hukataa na kutoa sauti kavu. Iliyooza huipokea ncha kimya na kuvunjika vipande vifupi. Ikiwa mbao ni nzima na mshono ndio mtupu, toa kalafati yote ya zamani, safisha, acha pakauke, kalafati upya. Kuongeza pamba mpya juu ya iliyooza ni kupoteza siku. Ikiwa msumari umekufa, usigongomee mwingine katika tundu lilelile. Ziba tundu kwa kijiti cha mti mgumu na upige mpya pembeni kidogo.

Ubao ukiwa umeoza, ukatwe hadi kwenye mti mzima, na kupita hapo kiasi cha upana wa mkono, kwa maana kuvu hutangulia mbele ya macho. Kipande kipya huunganishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukata ncha zote mbili kwa mshazari na kuzilaza moja juu ya nyingine. Mshazari uwe na urefu usiopungua mara 8 ya unene wa ubao, hivyo ubao wa sentimita 2.5 utahitaji sentimita 20. Ya pili ni kuzikutanisha ncha na kuweka nyuma yake ubao wa kuegemezea, kati ya taruma na taruma. Kwa vyovyote vile, viungo vya mbao zinazopakana visikae mstari mmoja, la sivyo mtumbwi utakuwa na mkunjo mahali hapo kama karatasi.

Gogo lililopasuka lina kanuni yake. Ufa huendelea mbele kwa sababu nguvu zote hujikusanya kwenye ncha yake nyembamba. Tundu dogo la mviringo likitobolewa mahali hasa ufa unapokomea, nguvu hizo hutawanyika na ufa husimama. Kisha tundu na ufa huzibwa kwa kijiti na kalafati, na kipande cha mti hupigwa ndani kukatiza ufa.

Kiraka cha bati kilichowekewa tambara lenye lami kina heshima yake: humfikisha mtu nyumbani. Tatizo ni pale kinapogeuzwa makao ya kudumu. Nyuma ya bati maji hutuama bila kukauka, na ubao uliokuwa na ufa mmoja huoza wote. Katikati ya ziwa, hata sabuni ya kipande au mafuta mazito yaliyokandwa na tambara na kusukumwa ufani hupunguza maji kwa saa chache. Afadhali hilo kuliko kupiga misumari kwa hofu.

Faiba, chuma na plastiki

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa na gundi iitwayo resini. Haiozi, haisinyai, haina mshono, na mtumbwi wake ni mwepesi. Ikipasuka hutengenezeka vizuri, endapo sheria tatu zitashikwa. Pawe pakavu kabisa. Pasuguliwe kwa msasa kuzunguka jeraha kwa mteremko wa urefu wa mara 12 ya unene, yaani ukuta wa milimita 4 usuguliwe karibu sentimita 5 kila upande, ili kiraka kishike kwa eneo na si kwa ukingo. Na kigumishi kipimwe: kwa kawaida kilo 1 ya resini ya poliesta huhitaji gramu 10 hadi 20, kwa kufuata maelezo ya kopo, na joto la mchana likiwa kali kiasi kielekee kwenye gramu 10. Kigumishi hiki huunguza macho, na kisichanganywe kamwe moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti, kwani mchanganyiko huo waweza kulipuka. Kimoja huingizwa kwanza kwenye resini na kukorogwa, ndipo cha pili kifuate. Moshi wa resini unahitaji upepo wa wazi, si kibanda kilichofungwa.

Imekuwa desturi kuuvisha mtumbwi wa mbao uliochoka koti la faiba. Kwa maoni yangu ni fedha iliyotupwa ziwani mara nyingi kuliko inavyookoa. Poliesta haishiki mbao vizuri, na mbao chini yake huendelea kuvimba na kusinyaa ilhali koti halisogei. Baada ya muda hubanduka, maji huingia nyuma yake, na uozo huendelea gizani pasipo kisu kuufikia. Resini ya epoksi hushika zaidi lakini bei yake ni kubwa, na hata hiyo huhitaji mbao kavu na nzima. Mtumbwi wenye mbao kavu na nzima haukuwa na haja ya koti.

Chuma ni kizito, huhitaji mchomeleaji na rangi ya mara kwa mara, nacho huliwa kwa ndani chini ya maji yaliyotuama. Mafuta ya mashine na mvuke wake viondolewe vyote kabla ya kuchomelea. Alumini ni nyepesi, ila fundi wake si wa kila kijiji.

Plastiki imejaribiwa karibu nasi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, Kenya, walizindua Flipflopi, dau la mita 9 lililotengenezwa kwa takataka za plastiki zipatazo tani 10 na kupambwa kwa malapa yaliyookotwa ufukweni. Mwaka uliofuata lilisafiri kilomita 500 hadi Zanzibar, na mwaka 2021 lilizunguka Ziwa Viktoria. Mbao zake za plastiki zilichongwa kwa ufundi uleule wa mti. Haziliwi na kuvu wala na mnyoo wa baharini. Hata hivyo plastiki nyingi za aina hiyo hazikubali gundi ya kawaida, hivyo ufa wake huungwa kwa joto au kwa skrubu, na jua kali huidhoofisha miaka inavyopita.

Mtumbwi uliotengenezwa, uwe wa mwili gani, usipewe abiria siku hiyohiyo. Uingizwe majini mtupu na kuachwa usiku mzima, asubuhi maji yaliyoingia yapimwe kwa ndoo. Kisha upakiwe magunia ya mchanga yenye uzito wa safari ya kweli, karibu na ufukwe, mahali ambapo mtu akisimama maji humfika kiunoni, na uyumbishwe kwa mkono kushoto na kulia huku mtu mmoja akitazama mishono kutoka ndani. Ndoo zikipungua siku ya pili, mbao zinavimba na kujifunga. Zikibaki zilezile au zikiongezeka, tundu bado halijapatikana.